Sanduku la Mashavu

Sanduku la sindano liliibwa Inspekta Amondi akiwa karibu nalo kabisa, amelala chali nyuma ya pazia, macho yamefunikwa pamba, uso mzima umepakwa krimu nyeupe ya ganzi kama chapati iliyosahauliwa kwenye unga.

Alisikia friji ikifunguliwa. Alisikia ikifungwa. Hakuinuka. Aliyekuja kutengenezwa uso hana haja na friji za wenyewe.

Kisha Mitchelle, mwenye saluni, akarudi na jagi la maji ya moto, akapiga nduru iliyosikika mpaka Riruta Satellite.

"Woi! Dawa yangu ya mashavu! Sanduku lote limeenda!"

Amondi alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa amekonda ghafla kwa kukimbiza wezi na kushindia chai kavu, mashavu yakamlegea kama mifuko ya suruali iliyotolewa nje. Wiki iliyopita kijana wa boda boda alimwambia, "Shosho, shika vizuri tusianguke." Hakulala siku hiyo kwa kuitwa nyanya. Ndiyo maana alikuja huku Kawangware, mbali na kituo chake cha Kibera, adungwe dawa ya kujaza mashavu na asijulikane.

"Ntu asitoke!" alisema. Midomo ilikuwa imekufa ganzi. "Nini ni folisi!"

"Wewe ni nini?"

Amondi akaona heri aifute krimu midomoni, atoe kitambulisho cha polisi.

Kwenye benchi alibaki msichana mmoja tu, akilia. Jina lake Iman, Mnubi wa Makina, Kibera. Ndiye aliyekuwa adungwe kwanza, Amondi akingoja ganzi imwingie.

"Unalia nini?"

"Naolewa Jumamosi, na leo ni Alhamisi! Nitapigwa picha na mashavu haya?"

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu. Tangu posa nimekula matango tupu ili gauni linitoshe. Limenitosha. Sasa uso ndio haunitoshi."

"Ulikuja na nani?"

"Na Haboba." Ndivyo Wanubi wanavyomwita nyanya. "Mitchelle alipofuata maji, Haboba akasema anaenda choo."

"Amerudi?"

"Bado. Magoti yake, unajua."

Mitchelle akamshika Iman bega. "Usijali, mrembo. Jioni naletewa sanduku lingine. Kesho asubuhi nakudunga, mambo sawa."

"Hapa hadungwi mtu," alisema Amondi. "Hapa ni eneo la uhalifu."

Konstebo Tonny wa kituo chake, aliyeitwa kwa simu, alifika na mkoba wa vifaa vya alama za vidole. Akamtazama mkubwa wake. Akatazama pembeni. Akamtazama tena.

"Afande, hiyo ni nini kwa uso?"

"Kazi ya siri, Konstebo."

"Siri imekauka mpaka masikioni, afande."

"Fanya kazi!"

Tonny akanyunyiza unga wake kwenye mlango wa friji. Alama zilikuwa nyingi kama nyayo za sokoni. Hazikusema kitu. Amondi akamsogeza, akaingiza kichwa chake ndani ya friji.

Uso ulikuwa umekufa, lakini pua ilikuwa hai. Humo ndani mlinukia udi.

Amondi alikulia Kianda, huko huko Kibera, miongoni mwa Wanubi. Alijua harusi inapokaribia, mama wa Kinubi hufukiza nguo zake na mwili wake kwa udi na msandali, harufu ikamganda siku nyingi, hata sabuni ya mche haiiondoi. Pale saluni harufu hiyo ilikuwa imemezwa na nywele zilizochomwa na marashi ya kupuliza. Ila friji ilikuwa imefungwa upesi, ikaihifadhi kama mchuzi wa jana.

"Iman, umejifukiza?"

"Mimi? Nilikataa. Moshi ni mambo ya wazee."

"Na Haboba?"

"Haboba amefukiza mpaka paka."

*

Bi Fatna, yule Haboba wa Iman, walimkuta Makina, barazani kwake, ameketi mkekani na sinia mbele yake. Juu ya sinia kulikuwa na tabaga, ule mfuniko wa ukindu wa rangi rangi ambao Wanubi hufunikia chakula.

"Karibuni wanangu. Mmechelewa. Kitendawili!"

"Mama, tumekuja kikazi," alisema Amondi.

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Tonny, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi na macho yake yalikuwa kwenye sinia.

"Namvika kofia asiye na kichwa, wageni wakija namvua."

Wakafikiri. Wakashindwa.

"Nipeni mji."

"Chukua Kawangware," alisema Tonny.

"Kawangware sitaki, natoka huko sasa hivi."

"Chukua Nyayo Highrise."

"Hiyo ina ngazi nyingi, lakini basi. Nimeenda Nyayo Highrise, nimepanda, nimekaa, nimeshuka. Jibu ni chakula chini ya tabaga."

Tonny akachukulia hiyo ni ruhusa. Akafunua akitarajia gurusa, ile mikate laini ya Kinubi. Akakutana na sanduku la sindano.

"Afande," alisema kwa huzuni ya kweli, "ushahidi."

"Mama, ni wewe uliyeiba?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Jirani yetu Valentine alidungwa pale pale. Shavu moja limepanda, limekaa chini ya jicho kama mpangaji aliyekataa kuhama. Nikamwambia Iman. Akasema, Haboba, acha ushamba. Nikaenda naye nikidhani akiona mlango ataogopa. Hakuogopa. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Mimi siwezi kumpa. Niliuficha wembe."

"Unajua utalala seli? Harusi itakupita."

Bi Fatna aliichukua tabaga, akaipangusa.

"Itanipita. Mjukuu wangu aolewe na uso aliozaliwa nao."

Amondi akaligeuza sanduku. Halikuwa na jina la dawa, wala kiwanda, wala tarehe ya kuharibika. Yeye ndiye aliyekuwa adungwe wa pili. Akajigusa shavu. Ganzi haikuwa imeisha. Lilikuwa kama shavu la mtu mwingine.

"Tonny. Hili lipeleke maabara. Na saluni ifungwe kabla ya jioni."

*

Ijumaa maabara ilijibu: mafuta ya silikoni, yale ya kung'arishia dashibodi ya gari. Mitchelle aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Una leseni ya udaktari?"

"Niko na cheti cha kusuka."

"Dawa ulinunua wapi?"

"Duka la vipuri."

"Vipuri vya nini?"

"Vya... gari."

"Na ukawadunga watu?"

"Inang'arisha, afande! Watu walikuwa wanang'ara!"

Amondi alimtazama sana. Paji la uso la Mitchelle lilikuwa na mistari mitatu mirefu, na mashavu yake nayo yalikuwa yameanza kushuka.

"Mbona wewe hujajidunga?"

"Mimi? Na hiyo kitu? Kwani mimi ni mwehu?"

Akajiziba mdomo. Tonny alikuwa ameshaandika.

Basi akalia, akamwaga yote. Wateja wa kusukwa walimhama. Kila msichana mwenye simu alitaka uso usio na mkunjo, na wenye saluni waliokuwa wanadunga walijaza benchi huku yeye akifukuza nzi. "Nilisema na mimi nijaribu, afande. Nikaanza na Valentine."

Alifunguliwa mashtaka. Sasa mlalamikaji wa wizi alikuwa seli, na malalamiko yake akayafuta mwenyewe. Kwenye faili Amondi aliandika: "Kielelezo kilihifadhiwa na raia mwema, chini ya mfuniko."

Jioni ile alimpeleka Valentine hospitali, kwa daktari wa ngozi, na yeye mwenyewe akachunguzwa uso. Aliambiwa mafuta ya mashavu yalikimbia kwa kukonda haraka, na mistari ya macho inaletwa na jua. Ale, alale, apake mafuta ya kukinga jua. Sindano za kweli zipo, hudungwa na daktari mwenye leseni, na hata hizo si za kukimbilia.

Jumamosi, Makina ilinukia udi. Iman aliketi na mashavu yake yote mawili, mahali pake, yakitafuna gurusa. Bi Fatna akamvuta Amondi mkekani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nikicheka anakuja. Nikinyamaza anabaki kunichungulia."

"Nimeshindwa. Chukua Kawangware, nimeshaifagia."

"Nimeenda Kawangware, nimekaa, sikudungwa, nimerudi." Bi Fatna akamgusa kwa kidole pembeni mwa jicho. "Ni huyu hapa. Mkunjo."

Inspekta akacheka mpaka wakaja wote, mkunjo na ndugu zake, na hakumkamata hata mmoja.