Aliyebonyeza Kubali

Kwa kawaida shangazi Habiba alichukua robo saa kubonyeza "Kubali". Atafute miwani, apige bismillahi, aulize kwa simu ni kitufe kipi. Alhamisi hiyo ombi la Adila la kuingia kwa mbali kwenye kompyuta ya shangazi lilikubaliwa papo hapo.

Adila alikuwa kwake Lugoba, mwanawe Ummy wa miezi minne amelala mkekani karibu na miguu yake. Alitaka picha za marehemu mama yake, zilizokuwa kwenye kompyuta ya shangazi Bagamoyo, nyumba ya babu, chumba cha nyuma. Akaanza kuzihamisha. Ndipo kisanduku cha ujumbe kikaandika: Hodi.

Akacheka. Shangazi leo kaamua kumtania. Ikaja hodi ya pili, ikaja ya tatu. Mtoto wa watu wa pwani ataachaje hodi tatu bila jibu? Ustaarabu ndio uliomponza. Aliandika: Karibu, pita ndani.

Picha zikasimama. Chumba kikanuka udi, na mchana ule hakuna aliyefukiza.

Simu ikaita. Alikuwa shangazi, anaomba radhi kwa kutokuwepo kubonyeza: yuko Kaole kwenye hitima tangu asubuhi, chumba cha nyuma kakifunga na ufunguo anao. Adila akamweleza yaliyotokea.

"Ulimjibu?" shangazi akanong'ona.

"Nilidhani ni wewe, shangazi."

Shangazi akalia. Ndipo aliposema walichofichwa watoto wote: babu alimfungia jini katika chumba kile, asitoke mpaka mtu wa damu ya babu amkaribishe. Miaka arobaini anapiga hodi, nao wanafukiza udi kila Alhamisi na kupita kimya. Kompyuta iliwekwa humo kwa kuwa hakuna mwizi angethubutu kuingia.

"Tumwite mwalimu amsomee," Adila alisihi.

"Aliyejiingiza hutolewa, mwanangu. Huyu umemkaribisha mwenyewe."

Adila akachomoa waya, kioo kikazima, naye akainama kwa hofu amnyakue mtoto akimbie naye popote, lakini Ummy alikuwa macho, anamchekea mtu ambaye mama yake hamwoni, amenyoosha mikono yote miwili kama afanyavyo kila anapotaka kubebwa, na polepole mgongo wake ukaachana na mkeka. Adila alikuwa hajamgusa bado.