Pingamizi la Mama wa Kiwanja cha Nyuma

Alama ya dole gumba ilikuwa pale asubuhi, mwishoni mwa karatasi ya pingamizi, wino wake umekauka vizuri. Mshonaji aliitazama, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi. Jana aliiacha ile nafasi wazi, maana nyumbani hamkuwa na wino.

Lakini kovu lililoonekana kwenye alama lilikuwa lake, lile la sindano iliyompasua dole alipokuwa anajifunza cherehani. Akajiambia atakuwa amesahau. Mwenye wivu hana nafasi ya kuogopa.

Na wivu alikuwa nao wa kugawa. Mdogo wake, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta katika ardhi ya marehemu baba yao, alikuwa ameomba kibali cha kuongeza ghorofa. Michoro ilishapita kwa mhandisi, faili lilishafika ofisi ya mipango miji, na tangazo lilibandikwa getini: mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne, atie dole. Yule aliyekua akivaa magauni yaliyokwisha kumbana yeye, leo amchungulie kutoka juu?

Kupinga kwa jina lake kungekuwa aibu. Basi akabuni jirani. Nyuma yao kulikuwa na kiwanja kitupu, majani hadi kiunoni. Akaandika kama mama mkazi wa hapo, mwenye watoto, kwamba madirisha ya ghorofa yatamwangalia chumbani. Karani wa masijala akaipiga karatasi muhuri, ikaingia kwenye faili.

Siku ya tatu, jua la saa sita, akasikia mtu akifagia kule kiwanjani. Alipochungulia akaona majani tu, akasikia harufu ya nywele zilizoungua. Siku hiyo uzi ulimteleza vidoleni mara kwa mara, akalaumu jasho.

Siku ya kumi na tano akaja mkaguzi wa majengo na faili lake. Akapima kwa mdogo mtu, akazunguka nyuma, akakawia huko. Aliporudi aliomba maji kwa mshonaji.

"Yule mama wa nyuma ana haki yake," alisema kwa sauti ya chini. "Dirisha lingemwangalia mpaka kitandani."

"Mama gani?"

"Si huyo aliyeandika. Kanikaribisha vizuri tu. Ila wale watoto wake, dada, mbona hawakai chini? Wamesimama ukutani wote, upande wako."

Kamati ya mipango miji ikalikataa ombi la ghorofa. Mdogo mtu akaja kulia begani kwake. "Dada, nimemkosea nani mimi?" Naye akampapasa mgongo huku raha ikimjaa kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kimeshika sindano.

Tangu hapo ufagio haukubaki kiwanjani. Ulisogea hadi ukutani, ukafika chini ya dirisha, ukaingia ukumbini mchana kweupe akiwa peke yake, ukifagia kuelekea miguu yake na kusita kila alipoacha kukanyaga cherehani, na ile harufu ikaingia kwenye vitambaa mpaka wateja wakaanza kurudisha nguo bila kusema sababu.

Kisha tangazo likabandikwa getini kwake. Mwombaji: mama mkazi wa kiwanja cha nyuma. Ujenzi: kuiunganisha nyumba yake na nyumba ya mbele. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne, atie dole.

Alifika masijala viatu mkononi. Safari hii aliandika jina lake, akabonyeza dole. Likatoka doa jeusi laini, halina mstari hata mmoja. Karani akamwambia arudie. Akarudia mara tatu.

"Hii si alama ya mtu, mama."

"Nina kovu hapa. Tazama." Mwenyewe akatazama. Halikuwepo.

Karani akafunua faili. "Dole lenye kovu tunalo, ni la mama wa kiwanja cha nyuma. Wewe, kamlete ndugu yako wa damu aje akutambue."

Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu. Njia nzima alijipanga jinsi ya kukiri, na hata hapo wivu ulimnong'oneza kwamba ghorofa ile ingemfunika. Akafika mlangoni kwa mdogo wake, akainua mkono abishe hodi.

Ndani mdogo wake alikuwa akicheka na mgeni.

"Jisikie nyumbani, jirani," alikuwa akisema. "Halafu hicho kidole. Dada yangu naye ana kovu kama hilo hilo."