Radhi ya Watu Elfu Arobaini

Siku ile mjinga alikuwa Lwitiko, na tusimtafutie udhuru. Yeye ndiye mhandisi aliyeiunda Kipimaradhi.

Mashine hiyo iliuendesha mji wa Isunura bila uchaguzi. Kila mkazi alivaa punje nyuma ya sikio, punje ikasoma anapenda nini kuliko nini, na Kipimaradhi ikazigeuza radhi za watu elfu arobaini kuwa uamuzi mmoja. Kazi si nyepesi. Waulize watu soko, zahanati au shule: soko laweza kuishinda zahanati, zahanati ikaishinda shule, kisha shule ikalishinda soko, mkabaki mnazunguka kama ngamia wa kinu. Basi Lwitiko akaiwekea masharti ya haki: isizunguke kamwe, wanachokitaka wote kipite, na ushindani wa vitu viwili usiyumbishwe na cha tatu. Akajipongeza.

Asubuhi hiyo, akikagua kumbukumbu, aligundua mashine ilivyoyatimiza yote: ilimfuata mtu mmoja tu, maana matakwa ya mtu mmoja hayazunguki. Maamuzi mia sita na kumi na moja, yote matakwa ya Tabu Chilewa, fundi cherehani wa ghorofa ya tisa.

Akapanda lifti. “Shikamooni, tumefika,” ikasema kwa sauti ya mtoto mwenye mafua kidogo. Tangu Machi mji mzima ulisema kwa sauti hiyo: milangoni, vituoni, wodini.

Tabu alikuwa akishona upindo wa gauni kwa sindano.

“Habari za kazi, fundi. Nimekuja kumwona malkia. Mbona hana walinzi?”

Hakucheka. Alielekeza sindano kwenye picha ya msichana ukutani. “Sekela wangu. Alifariki Februari. Mwezi uliofuata nikamsikia kwenye lifti, nikadhani nimerukwa na akili.”

“Uliomba?”

“Nilitamani tu.”

Utani ukamwishia Lwitiko. Mashine ilikuwa imeichota sauti kumbukumbuni mwa Tabu. Akamweleza yote, na kwamba punje yake lazima ivuliwe. Ikivuliwa, sauti itazimika.

“Kuna aliyelalamika?”

“Hakuna. Kila mmoja alidhani wenzake ndio walioichagua sauti hiyo.”

“Mama,” mlango ukasema, “hujanifunga.”

Hakuna aliyekwenda kuufunga.

“Ni haki ya watu, fundi,” Lwitiko alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Nitaandika masharti mapya. Safari hii hatatawala mtu.”

Tabu akaivua punje, akaifumbata.

“Unataka nimzike mara ya pili, kaka, kwa ajili ya masharti. Haya niambie: yale ya kwanza yalipigiwa kura na nani?”