Mshono wa Kiti cha Kati

Umewahi kunusa nywele zako mwenyewe zikiungua, nawe umebanwa katikati ya watu wawili, na upande wako hakuna mlango?

Kama hujawahi, usimcheke mwalimu.

Jua lilikuwa linazama pikapu ya kaka yake ilipoingia kwa fundi ikijikokota, nyuma imepakia godoro, masufuria na sanduku la vitabu. Mwalimu alikuwa anahama kwa mumewe. Hakuwa amenuna ili wazee wakae kikao wambembeleze arudi. Alikuwa anahama kwa sababu ya mkono wake, ambao mume aliuvunja ukaunga upande. Tatizo ni kwamba hii ilikuwa safari ya tatu. Mara mbili walishatoka getini, na mara zote mbili harufu ya kuungua ilijaa humo ndani. Kaka akahofia gari lisije likashika moto, wakageuza. Na mume walimkuta palepale getini, mikono mfukoni, anacheka.

"Nilikwambia mimi. Hata gari linajua kwako ni wapi."

Leo kaka hakugeuza. Alikata kona kwa fundi.

Fundi alikuwa bonge la mtu, mchangamfu. Alishika magurudumu ya nyuma: baridi, breki hazing'ang'anii. Alilala chini akachungulia: hakuna mafuta yanayodondokea ekzosi. Akafungua boneti, akapapasa waya mmoja baada ya mwingine.

"Klachi, eti?" kaka aliuliza.

"Klachi ikiungua mtaa mzima unajua, bosi wangu. Hii inanuka wakati gani?"

"Dada akipanda," kaka alisema, kisha akajutia mdomo wake.

Fundi alicheka. "Basi na apande. Pandeni wote kama mlivyokuja. Vioo juu, upepo usinipotezee harufu."

Wakapanda. Kaka kwenye usukani, mama yao dirishani, mwalimu katikati, gia ikimgusa goti. Mama alikuwa kimya tangu asubuhi. Ni mshonaji, mdomo wake ulizoea kubana pini, na siku nyingine uliendelea kubana hata pini zikiwa zimekwisha.

"Washa!"

Injini ikanguruma. Vumbi, dizeli, jasho la kaka. Hakuna kingine.

Kisha...

Ile harufu.

Mwalimu alifundisha kemia, hakuwa mtu wa kubabaika ovyo. Mpira alijua unavyonuka, plastiki pia. Hii ilikuwa nywele. Na ndani ya harufu ya nywele, nyingine, tamu, ya zamani: mafuta ya nazi aliyokuwa akipakwa kichwani alipokuwa msichana kwao.

Utosi ulimwasha. Akapenyeza mkono chini ya kitambaa cha kichwa, pale penye kipara kidogo alichokuwa akisema kimeletwa na mawazo.

Vidole vilirudi na majivu.

"Zima," alinong'ona.

Kaka alizungusha ufunguo. Akauchomoa. Akauinua mbele ya macho yake, akautazama kama hajawahi kuuona.

Injini iliendelea kunguruma.

"Fundi! Fungua!"

Fundi alivuta mlango wa kaka. Haukutikisika. Akakimbilia upande wa mama. Kitasa kikapanda na kushuka... tak... tak... tak. Vioo vilikuwa vimeshakuwa vyeupe kwa pumzi zao. Uso wa fundi ukabaki kivuli tu, kisicho na macho.

"Mama, vuta hicho kipini cha kufungia mlango!"

Mama hakuvuta. Mwalimu akageuka kumtazama. Kidole gumba cha mama kilikuwa juu ya kipini, kinakikandamiza chini, ukucha umepauka.

"Mama?"

"Turudi, mwanangu. Ukirudi itakoma."

"Umejuaje?"

Mama alizidi kukandamiza kipini.

Joto sasa lilipanda kutoka chini yake. Lilitoka kwenye kiti, si kwenye injini. Mwalimu alijiinua kadiri paa lilivyomruhusu, akapapasa pale alipokuwa amekalia. Vidole vikakuta mshono. Uzi umekunjwa mara mbili, hatua ndogondogo, na kila baada ya hatua chache sindano imerudi nyuma kidogo kukaza. Hakuhitaji mwanga. Mshono ule ndio ulioshikilia mapindo ya sketi zake zote za shule.

Alimpokonya kaka ufunguo, akapasua kiti. Ndani ya sponji palikuwa na kifurushi cha kitambaa, kidogo kama yai, cha moto, kimepigwa mafundo. Ncha za nywele zilichungulia. Kilitweta kiganjani mwake kama kifaranga.

"Ni shemeji!" kaka alifoka. "Mchawi mkubwa yule! Lete hapa!" Akashika fundo la kwanza, akavuta.

Mwalimu akapiga yowe. Utosini palikuwa panang'oka.

Kaka akaachia kama aliyegusa jiko. Nje, kitasa kilinyamaza. Fundi hakuonekana tena.

"Gari hili ndilo lililonipeleka kwa mume," mwalimu alisema polepole. "Kiti kilikuwa kimechanika. Ukasema utakishona wewe, mama, nisije nikachafua nguo ya harusi."

Mama alivua kitambaa chake cha kichwa. Hakuwahi kukivua mbele yao, hata nyumbani. Utosi ulikuwa mtupu, mweusi, umekunjamana kwa kuungua, na kutoka hapo moshi mwembamba ulipanda ukagusa paa la gari.

"Mimi nilirudi kwetu nikiwa na wewe mgongoni," alisema. "Nikabisha hodi mpaka kukakucha. Nilisikia wanaongea ndani. Hawakunifungulia. Nikaapa wewe hutabisha hodi ya namna ile."

"Mama. Sema."

Kidole gumba hakikuondoka kwenye kipini.

"Nywele nilizitoa kwenye kitana chako, usiku wa kuamkia harusi. Mumeo hajui chochote. Nilikufunga mimi, mwanangu, kama mama yangu alivyonifunga mimi... na kufungua sikufundishwa."