Mita Tatu Nyuma ya Mama

Kila Jumapili asubuhi, vyombo vikishaoshwa na ua ukishafagiliwa, Profesa na mama yake walibeba dumu la maji na ufagio wakaenda makaburini. Profesa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Jina hilo alibandikwa na fundi mwashi wa jirani, kwa sababu alikuwa akipima kila kitu kwa rula yake kuukuu, hata urefu wa mkia wa paka.

Walikuwa wakienda kwa kaka yake, aliyefariki akiwa na miaka mitano, kabla Profesa hajazaliwa. Siku ya mazishi palichomekwa kibao cha mbao tu, kilichopigiliwa bati lenye jina. Mchwa walikitafuna, nyasi zikafunika matuta yote, mama asijue tena lipi ni la mwanawe, akabaki na karatasi aliyoichora baba mdogo siku ya mazishi: mshale kutoka langoni kwenda mashariki, na kwenye ncha yake mshale wa pili kwenda kaskazini hadi kaburini. Chini aliandika: sentimita moja ni mita mbili.

Jiwe la kaburi lilipokuwa tayari, Profesa ndiye aliyeisoma karatasi. Mshale wa kwanza, sentimita kumi: mita ishirini. Wa pili, sentimita saba: mita kumi na nne. Fundi akanyoosha utepe wake wa kupimia, akalisimika jiwe. Mama alilikumbatia, akalia, kisha akacheka. "Angalau sasa najua ulipo, mwanangu," alisema. Profesa akavimba kichwa.

Wiki moja baadaye kichwa kilinywea. Darasani, mwalimu wa fizikia aliwaambia wachore mshale wa sentimita tatu kwenda mashariki, kisha wa nne kwenda kaskazini, halafu waunganishe mwanzo na mwisho kwa mshale mmoja na kuupima. Wote walipata tano. Profesa akapata nne nukta sita.

Mwalimu aliichukua rula yake, akaigeuza. "Binti, hii imevunjika mwanzoni. Sifuri haipo, inaanzia moja. Kila mstari unaousoma unauongezea sentimita nzima."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Kumi ilikuwa tisa, na saba ilikuwa sita. Jiwe lilikuwa limepita mbele mita mbili kwa mashariki na mbili kwa kaskazini. Alichora, akapima: karibu mita tatu kutoka kwa kaka yake.

Alirudi nyumbani akitaka kusema, akamkuta mama akipiga pasi huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa miaka. Akaitumbukiza rula mkobani. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia. Mwoga hakosi methali.

Tangu hapo Jumapili zikawa adhabu. Mama alichuchumaa mbele ya jiwe, akalisimulia habari za wiki: "Mdogo wako ameng'olewa jino. Paa limeacha kuvuja." Profesa hakuogopa mizimu. Aliogopa jambo moja tu: kwamba mita tatu nyuma yao kuna mtoto wa miaka mitano anamtazama mama yake, na mama amempa mgongo. Akila, alihisi mtu nyuma yake. Akiandika darasani, aligeuka, asione mtu. Alikonda mpaka mama akamnunulia dawa ya minyoo.

Jumapili ya sita tangu jiwe lisimikwe, mama aliacha kufagia ghafla. "Mwanangu," aliliambia jiwe, "nakuja kila wiki lakini moyo hautulii. Umenikasirikia?"

Profesa hakuweza kuvumilia tena. "Mama, hajakasirika. Hayupo hapo." Akaeleza yote, rula na mishale, machozi yakimtiririka.

Mama aliuweka ufagio chini. "Umelijua lini?"

"Ni wiki ya tano sasa."

"Na ukaniacha niongee peke yangu." Alilisema polepole, likauma kuliko kofi.

Jioni hiyo fundi aliitwa. Profesa aliazima rula nzima, akaipima karatasi upya: tisa, sita. Safari hii hakuamini hata macho yake. Aliunganisha mwanzo na mwisho kwa mshale mmoja, akapata kumi nukta nane. Walipima njia zote mbili kutoka langoni, ya mishale miwili na ya mshale mmoja, na zote zikaishia mahali pamoja penye nyasi. Fundi akakwangua udongo. Jembe liligonga kisiki cha kibao, na pembeni yake bati lenye kutu na herufi za jina la mtoto. Mama akapiga magoti.

"Usilie, Profesa," fundi alisema. "Mimi nimewahi kujenga ukuta ukaenda upande kama kaa. Nikaubomoa mwenyewe, mchana kweupe."

Mama alimshika mkono binti yake. "Rula ilivunjika na hukujua. Hilo nilikusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini ulipojua ukanyamaza, hapo rula haina lawama. Ukikosea, sema mapema, watu wapime upya."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Muombe na kaka yako."

Jiwe lilihamishwa. Mama aliongea na mwanawe hadi fundi akamaliza kufungasha vyombo. Kisha alichukua ufagio, akarudi pale lilipokuwa jiwe, akaanza kufagia.

"Mama, aliyelala hapo si wetu," Profesa alisema.

"Najua. Lakini amenisikiliza wiki sita bila kunikatiza. Njoo ung'oe nyasi upande huo."