Mlango wa Mninga

Paka ndiye aliyeanza. Aliruka ndani ya lori la kukodi mkia juu kama mwenye mali, akanusa nyuma ya godoro, kisha akatoka kinyumenyume. Paka nimewaona wa kila aina, wezi, wavivu na wenye dharau, na nakuhakikishia, paka anayerudi kinyumenyume ameona kitu asichotaka kukipa mgongo.

"Bi Mkubwa hataki kukaa nyuma," alisema mke wa seremala akimpakata. Ndilo jina alilompa, kwa kuwa siku alipoolewa alimkuta paka kwa mumewe.

"Wake wawili kiti cha mbele. Leo nimekuwa tajiri," seremala akajibu.

Mtaani walimwita Msumari kwa ubishi wake: ukimgonga kichwani ndiyo kwanza anazama. Akamfunga mbwa kamba huko nyuma, katikati ya vitanda na makabati, akashusha turubai, akawasha lori.

Walikuwa wanaikimbia nyumba. Mimba mbili zilitoka humo, na kila mara, siku moja kabla, mlango wa chumbani ulibishwa kutoka ndani, wao wenyewe wakiwa humo humo ndani. Sasa ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Mganga aliwaambia, "Nendeni mbali. Bebeni chenye miguu na chenye mfuniko. Kilichoshikana na ukuta ni cha hiyo nyumba, kiacheni."

Lakini mlango ule Msumari aliuchonga mwenyewe, mninga mtupu, miezi mitatu ya randa na patasi. Kumwachia mwenye nyumba aliona ni sawa na kumwachia mkono wake. Mkewe alipokwenda kuaga majirani, akaung'oa na fremu yake, akausimamisha nyuma ya godoro, akafunga mdomo. Fundi akishaipenda kazi yake, hata onyo hulisikia kama wivu.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Siku ya pili, jua likiwa utosini na barabara tupu, nyuma kukagongwa. Ko, ko, ko.

"Mizigo hiyo," Msumari alisema kabla hajaulizwa.

"Mizigo haigongi ikangoja kuitikiwa," mkewe alinong'ona.

Ikaja harufu. Chokaa iliyolowa, na ndani yake mafuta ya mtoto, yale waliyoyanunua mara mbili na hayakupakwa mtu. Mbwa akaanza kubweka huko nyuma, kwa sauti nzito, bila kupumzika. Mke akatazama kioo cha pembeni ili asimtazame mumewe, na humo kiooni akamwona mbwa wao akikimbia barabarani nyuma ya lori, ulimi nje, kipande cha kamba kikimning'inia shingoni, na huku yule akiwakimbilia kimya kimya, kubweka kule nyuma ya vichwa vyao kukaendelea vilevile.

"Simama," alisema. "Taratibu. Kisijue tumejua."

Msumari aliposimamisha lori kubweka kukakatika. Mke akafunua turubai, akasogeza godoro, akauona mlango umesimama wima katika fremu yake, umefungwa.

"Umeubeba," alisema. Hakupaza sauti.

"Nitaushusha. Naushusha sasa hivi."

Akapanda, akashika kitasa, na kitasa kikazunguka kabla hajakizungusha, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, na pale palipotakiwa kuwa na kabati la vyombo palikuwa na chumba chao cha zamani, kiza, ukuta wake unatoka jasho, na kutoka chini kabisa, kimo cha watoto wanaoanza kutembea, sauti mbili zikamwambia kwa pamoja kwamba wanaona baridi, kwamba baba afunge mlango, kwamba baba asiwaache njiani.

Akaufunga polepole, kama anayefunika waliolala.

"Umewasikia?"

"Nimesikia kitu kinapumua," mkewe akasema. "Utupe huo mlango, bwana."

"Siwezi. Ni wanetu wananiita."

"Niliyewabeba ni mimi. Wangekuwa wao, wangeniita mimi."

Alimngoja. Hesabu mpaka mia, alimngoja zaidi ya hapo, mkono tumboni. Kisha akampakata paka, akamwita mbwa, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Mbwa ndiye aliyetangulia kupanda. Mke hakusema anashukia wapi.

Msumari alifika peke yake, akabomoa ukuta wa nyumba mpya, akaupachika mlango wake. Kila jioni aliketi chini, sikio kwenye ubao, akiongea na wanawe. Walimwambia wamekua. Walimwambia wanampenda kuliko mama.

Mwezi wa nne tangu afike, simu ikalia, namba ngeni.

"Amezaliwa wa kike," mkewe alisema. "Anapumua vizuri. Nakujulisha tu." Akakata.

Msumari alilia kwa furaha, akakimbilia mlangoni. "Mmepata mdogo wenu."

Akaketi, akabandika sikio ubaoni. Kisha sauti moja, kubwa, isiyojisumbua tena kuigiza watoto, ikamjibu kutoka juu ya kichwa chake.

"Mlete."

Alitambaa hadi barazani. Akaipigia ile namba ngeni.

"Nisikilize," alimwambia mkewe. "Kuanzia leo nikikuuliza mlipo, usiniambie. Hata nikilia."

"Nilikuwa sikuambii tangu hapo," mkewe akasema.

Alivumilia siku nne. Ya tano akapiga, analia, akiuliza walipo.