Kula Hilo Ini, Dokta!

"Ni huyu! Ndiye ameua ng'ombe yangu na sindano yake ya sumu!"

Aliyeninyooshea kidole ni Esdras. Mwenyeji wangu! Asubuhi ileile tulikula maharage sahani moja...

Jamani!

Naitwa Hamissi, daktari wa mifugo, mtoto wa Magarama, Gitega. Mwaka 1998 vita vimepamba moto, nikatumwa Gasorwe, kule Muyinga, kuchanja ng'ombe wasife kwa kimeta.

Sasa nimepigishwa magoti mbele ya watu wenye bunduki. Pembeni kuna ng'ombe aliyekufa, keshapasuliwa, damu nyeusi imemtoka puani. Nikajua hapohapo. Kimeta!

Mkubwa wao akanitupia kipande cha ini, kimebabuliwa tu motoni.

"Kama haiko sumu, kula."

"Chefu, hiyo nyama iko na ugonjwa. Itaniua!"

"Aah! Kumbe unajua itakuua?"

Wenzake wakacheka. Mimi machozi yananitoka.

Nikila, kimeta. Nisipokula, risasi. Wewe msomaji ungechagua nini?

Akakoki bunduki. Nikainama kuokota ile nyama, macho yakatua kwenye kichwa cha yule ng'ombe.

Masikio mazima!

"Chefu, ngoja! Kila ng'ombe mi nadunga, namukata alama ku sikio. Angalia wale wa majirani! Huyu hana!"

Akaenda kuangalia mwenyewe. Ng'ombe wa majirani walikuwa wazima, wanakula majani, kila mmoja na alama yake sikioni.

Aliporudi, mtutu ulimgeukia Esdras.

"We ulimupeleka ku sindano, ndiyo ao hapana?"

Esdras akaanguka magoti kando yangu.

"Nilimuficha ndani ya migomba... Ng'ombe zikihesabiwa, kesho watu wa bunduki wanakuja kuzichukua. Niliogopa nyinyi, chefu! Na leo mumeuliza nani ameua, nikaogopa tena..."

Chefu akanigeukia.

"Dokta, nimupige risasi?"

Hasira nilikuwa nayo, sikatai. Lakini nami nilikuwa bado na woga uleule wake.

"Muache, chefu. Nahitaji mtu wa kushika kamba za ng'ombe nikidunga."

Chefu akashusha mtutu, wakaondoka. Tukamfukia yule ng'ombe kwenye shimo refu, pamoja na lile ini. Esdras akaninong'oneza:

"Dokta... ziko zingine mbili ku migomba."

Weee! Nilicheka huku nalia. Nikazidunga zote, masikio nikayakata.

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Esdras alificha ng'ombe, na nusura kaburi liwe langu.